Samoni ya asali imeungua juu, katikati mbichi: nakosea wapi?

"Habari za leo chef, pole na kazi. Nipo Minnesota na mume wangu na watoto. Jumapili iliyopita nilijaribu ile samoni ya kuoka ya asali na mastadi, juu zinawekwa korosho na pekani (zile njugu za Marekani), niliiona kwenye video ilikuwa inang'aa kweli. Nilinunua ubavu mzima wa samoni kama kilo na robo, nikachanganya asali nusu kikombe, mastadi, vitunguu saumu na ndimu, nikammwagia samaki yote, nikanyunyiza korosho na pekani nilizosaga kwenye blenda, nikaweka oveni 425 dakika 25. Ilivyotoka sasa: juu nyeusi na chungu, asali imemwagika kwenye trei imekuwa kama lami, upande wa mkia umekauka kama ng'onda, katikati bado mbichi, alafu yametoka mautando meupe mume wangu akasema samaki kaoza. Shemeji alikula kidogo akasema midomo inamuwasha, tukacheka tukamwambia ni pilipili. Dada yangu anasema nipunguze sukari, jirani anasema nifunike na foili, mwingine anasema samoni haiokwi na asali kabisa. Jumamosi hii wifi yangu anakuja, ana mimba ya miezi 6, nataka nimpikie hiki hiki. Naomba msaada."

Dada, pole na samoni maana bei yake naijua. Umenirahisishia kazi kwa kutaja uzito, moto na dakika, wengi wananiandikia tu "samoni yangu imeungua nifanyeje" nabaki nabahatisha kama mganga. Nitakujibu kwa urefu ila kabla hatujafika kwenye oveni kuna mstari umeupita mbio mbio, ule wa shemeji.

Nimesoma viungo vyako mara mbili, pilipili sijaiona. Mtu akila korosho, pekani, samaki na mastadi kwa mpigo alafu midomo inaanza kuwasha, wala sio ya kucheka, hiyo inaweza kuwa aleji na vyote vinne vinajulikana kwa kuleta aleji. Leo midomo, kesho koo linavimba, haifuati foleni. Mi ni mpishi sio daktari kwahiyo sitakwambia ni kipi kati ya hivyo, na nyie nyumbani msijaribu kugundua kwa kumwonjesha kimoja kimoja, hilo nakuomba sana. Aende kwa daktari wake aombe apimwe aleji, huku Marekani kuna madaktari wa aleji tu, kazi yao ndo hiyo. Na mpaka apate majibu asile korosho wala pistachio, miti yake ni ya ukoo mmoja, asile pekani wala jozi (walnut), nazo ni ndugu, samaki na mastadi navyo aviache. Jumamosi mpikie kuku, na umpikie kwa kutumia trei na brashi ambazo hazijagusa njugu, yaani korosho, pekani na jamii yake. Akitokea kula kitu kama hiki ukaona anavimba uso, anahema kwa shida au anatapika mfululizo, hapo hakuna kutafuta maziwa ya kumnywesha, ni 911, namba ya dharura, hapo hapo.

Haya, tumelimaliza hilo, sasa turudi jikoni.

Kwanza nikutoe wasiwasi, mapishi hayo ni ya kweli na video haikukudanganya. Anayekwambia samoni haiokwi na asali hajui anachosema, samaki wa mafuta na kitu kitamu ni marafiki wa siku nyingi. Wajapani wana teriyaki yao, soya na sukari, na neno teri lenyewe kwao ni ule mng'ao. Wamarekani ndo hiyo asali na mastadi na pekani, Wakanada wanatumia shira ya mti wa mepo (maple). Utamu unahitaji chumvi na uchachu kidogo ili usichoshe, na mafuta ya samoni yanaubeba vizuri kuliko samaki mkavu kama chewa. Shida yako ipo kwenye saa.

Umeingiza vitu vitatu kwenye oveni kwa wakati mmoja, na kila kimoja kina saa yake. Samaki anataka muda, asali inataka dakika chache za mwisho, njugu zinataka chache zaidi ya hapo. Ukavipa vyote dakika 25 za 425 Farenhaiti, yaani nyuzi 218 za Selsiasi, ambayo kwa asali ni jehanamu. Hapo kuna kitu kimoja kinaendesha mchezo mzima nacho ni maji. Chochote chenye maji maji kikiwa kwenye oveni kinakaa karibu na nyuzi 100 mpaka maji yaishe, joto lote linaliwa na mvuke. Samaki amejaa maji kwahiyo anapanda polepole. Asali ina maji kidogo sana, chini ya sehemu moja kati ya tano, na ikishatambaa ikawa utando mwembamba juu ya chuma cha trei yale maji yanakauka upesi, baada ya hapo hakuna cha kuizuia. Tena sukari iliyo nyingi kwenye asali ni fruktosi ambayo inaanza kubadilika rangi kwenye nyuzi 110 hivi, wakati sukari yetu ya kawaida inangoja mpaka 160 na kitu. Ndo maana asali inawahi kuungua kuliko shira ya mepo au sukari guru. Kama umewahi kupika kashata unaijua ile hali, sukari inakaa inakaa kama haina habari na wewe, ukigeuka kuchukua kijiko imeshakuwa chungu.

Njugu nazo ni kavu tangu mwanzo, hazina maji ya kuzilinda, alafu ni mafuta matupu, pekani zaidi ya theluthi mbili yake ni mafuta. Ukizisaga kwenye blenda unapata vipande na unga pamoja, ule unga unaungua dakika za mwanzo tu na uchungu wake unasambaa kwenye chakula chote. Ule uchungu ulioonja sidhani kama ulikuwa wa asali peke yake. Kwahiyo blenda iache, kata kwa kisu, vipande vya ukubwa wa punje ya mchele au dengu, alafu vipitishe kwenye chujio ule unga udondoke. Unga usiutupe, weka kwenye uji.

Sasa mkia na katikati. Ubavu wa kilo na robo katikati unaweza kuwa na unene wa inchi moja na nusu na mkiani nusu inchi. Hakuna moto duniani utakaowaivisha hao wawili pamoja. Kuna ile kanuni maarufu ya Wakanada ya dakika 10 kwa kila inchi ya unene, ni ya kukadiria tu ila ukiitumia unaona mkia wako ulikuwa umeiva dakika ya 5 na ukakaa humo dakika 20 nyingine, ukatoka ng'onda. Na yule wa kwenye video nakuhakikishia alitumia vipande vidogo vilivyolingana, sio ubavu mzima. Katika yote niliyokuandikia hili ndo litakusaidia zaidi na halina gharama: nenda kaunta ya samaki umwambie yule muuzaji akukatie vipande vya kati, vya unene mmoja, kama gramu 170 kila kimoja, ngozi iachwe. Wanakata bure sehemu nyingi. Ongea nae, mwambie unataka kuoka, atakuchagulia. Kama umeshanunua mzima kata mwenyewe, mkia upikie mchuzi wa nazi siku nyingine.

Pia uliza ni samoni gani. Ikiandikwa Atlantic hiyo ni ya kufugwa, ya Norway au Chile au Scotland, ina mafuta mengi na inakusamehe ukikosea dakika mbili tatu. Sockeye ya Alaska ni nyekundu iliyokolea, pori, haina mafuta kiasi hicho na inakauka ukipepesa macho. Kwa mapishi haya na kwa huyo mgeni wako, chukua ya kufugwa. Nipo Seattle na huku mwezi wa tano zikishuka zile za mto Copper kutoka Alaska watu wanapagawa, bei haisemeki, na nikimwona mtu anaipaka asali ile samaki moyo unaniuma kweli. Ile ni chumvi na ndimu basi. Asali peleka kwa samaki wa kawaida, ndo anayeihitaji.

Mautando meupe: mwambie mumeo samaki hakuwa ameoza. Ile ni protini inaitwa albumini, ipo ndani ya nyama ya samaki ikiwa majimaji, nyama ikipata moto mkali inajikamua kama mtu anayekamua nguo, ile protini inasukumwa nje na inaganda juu nyeupe. Hata samaki aliyevuliwa asubuhi anaitoa. Ikiwa kidogo ni kawaida, ikiwa nyingi ujue moto ulikuwa mkali au amezidishwa. Dawa yake ni maji ya chumvi, kijiko kikubwa kimoja cha chumvi kwa kila kikombe cha maji baridi, loweka vipande dakika 10 mpaka 15 toa ufute viwe vikavu kabisa. Haiondoi yote ila inapungua sana na samaki anakolea chumvi mpaka ndani. Samaki aliyeoza utamjua kabla hujampika, anateleza kama sabuni, ananuka kama mkojo au dawa za chooni, ukimbonyeza kidole kinaacha shimo. Huyo hapikwi hata kwa asali ya dunia nzima.

Ushauri wa nyumbani nao tuupime. Dada yako wa kupunguza sukari ana nusu ya haki, nusu kikombe ilikuwa nyingi na ndo iliyomwagika ikawa lami, ila hata vijiko viwili vingeungua kwa dakika 25 za moto ule. Foili ya jirani inazuia kuungua ni kweli, lakini inafungia mvuke, njugu zinalainika zinakuwa kama zimechemshwa na mng'ao haupatikani, unabaki na samaki wa mvuke mwenye uji wa korosho juu. Mi foili naitandika chini tu ili trei isiniletee kazi, juu siweki.

Ninachokushauri unakijua tayari kama umekulia pwani au umewahi kula pwani: mfanye kama samaki wa kupaka. Yule habandikwi na nazi yake tangu mwanzo, anachomwa kwanza akikaribia kuiva ndo anapakwa, anageuzwa, anapakwa tena, nazi inamkaukia juu tabaka kwa tabaka. Nimejifunza kupika Tanga na mpaka leo hotelini huku nikifundisha vijana kupaka asali naeleza kwa kupitia yule samaki, sema inabidi nianze kueleza nazi ni nini.

Kwahiyo Jumamosi nenda hivi. Oveni 325, hiyo ni kama 163 za Selsiasi. Ikishapata moto anza na njugu peke yake, nusu kikombe, kwenye trei kavu dakika 8 hivi, ukisikia harufu toa hapo hapo, usisubiri rangi maana zinaendelea kuiva zikiwa nje. Zikipoa kata, chuja, changanya na kijiko kidogo cha siagi iliyoyeyuka na chumvi kiduchu. Asali usiichanganye humo, njugu zikilowa asali zinapoteza ule mkwaruzo.

Sosi ya kupaka, kwa vipande sita: asali vijiko vikubwa vitatu, mastadi ya Dijon viwili, soya sosi kimoja tu maana samaki ameshalowekwa chumvi, juisi ya ndimu kijiko kimoja, siagi kidogo, kitunguu saumu punje mbili umekwaruza mpaka iwe uji. Vile vipande vya kitunguu vya kukata ndo vinavyoungua juu ya samaki, uji hauna shida hiyo. Weka kwenye sufuria ndogo ichemke moto mdogo dakika mbili tatu mpaka ukichovya kijiko inakivaa nyuma haikimbii. Hii hatua watu wanairuka na ndo inayofanya sosi ikae juu ya samaki badala ya kwenda kuishi kwenye trei.

Samaki akishakauka umpake mafuta kidogo, ngozi chini, ndani. Dakika 10 za mwanzo usimguse na chochote. Toa, paka sosi nyembamba kwa brashi, rudisha. Dakika 4 paka tena. Kuanzia hapo unapima joto, na akibakiza kidogo afike 145 (nitaeleza hapo chini) paka mara ya mwisho, weka njugu juu ya ile sosi yenye kunata, zikandamize kidogo kwa mgongo wa kijiko zishike, rudisha dakika 4 au 5. Usiwashe moto wa juu peke yake, ule wa kuchomea, kama njugu zimeshakaa. Ukiutaka mng'ao wa huo moto uwashe kabla ya njugu, dakika moja, na usiondoke hapo mlangoni. Na kama unatumia eya fraya punguza moto kidogo, lile feni linapeperusha vipande vya njugu vinaenda kuungua juu kwenye waya, nimeliona hilo kwa macho yangu na moshi wake.

Kipimajoto cha kuchomeka ndani, dola kumi na kitu, nunua. Hapa lazima niseme ukweli wa pande zote. Jikoni kwetu tunawatolea wateja samoni ikiwa 125 ndani, ile laini ya kumeremeta, ni tamu zaidi bila ubishi. Lakini kiwango cha usalama cha serikali ya Marekani kwa samaki ni 145, yaani 63 za Selsiasi, na kwa mjamzito hilo halina mjadala, kinga yake ipo chini na anabeba wawili. Choma kipimajoto sehemu nene kuliko zote kwenye kila kipande chake, isome 145. Ndo maana nimekupa oveni ya 325 na samaki wa mafuta, kwa moto wa polepole anafika 145 bila kuwa mbao. Ningekuwa nampikia mtu mwingine ningepandisha 400 nimalize haraka, unapata juu kavu zaidi, ila ukichelewa dakika mbili umeharibu. Kwako wewe sasa hivi sio wakati wa kujaribu hiyo.

Mjamzito kula samoni ni vizuri tu, zebaki yake ni ndogo na ipo kwenye kundi la samaki wanaoshauriwa kwa wajawazito mara mbili tatu kwa wiki. Asichopewa ni ile samoni ya moshi ya paketi za baridi ikiwa haijapikwa tena, kwa ajili ya bakteria wa listeria. Na muulize yeye na mumewe kuhusu aleji ya njugu kabla hawajafika, sio mezani. Kama ana swali lolote la chakula na mimba amuulize mkunga wake, asiniulize mimi. Na kama kati ya watoto wako yupo wa chini ya mwaka mmoja, asali asipewe hata iliyopikwa, huyo mtolee kipande kabla hujapaka. Wadogo wadogo wa chini ya miaka mitano njugu za vipande vinawapalia, kwao weka za kusaga laini au usiweke.

Kama kuna mtu asiyekula njugu, mbegu za maboga zilizokaangwa kavu alafu zikachanganywa na chenga za mkate na siagi zinatoa mkwaruzo mzuri, japo sikwambii umpe shemeji hata hizo kabla hajapimwa.

Kitu cha mwisho, oveni yenyewe. Kama ukifuata yote haya na bado inaungua, ipime. Oveni za nyumba za kupanga nyingi zinadanganya, unaweka 325 inakupa 375. Kuna vipimajoto vidogo vya kuning'iniza ndani, bei yake ni ya soda chache, viache nusu saa usome. Ikipishana sana mwambie mwenye nyumba alete fundi.

Hiyo trei yako yenye lami usiikwangue na kisu. Mimina maji ya moto sana ifunike, iache usiku kucha, ile ni sukari iliyoungua, asubuhi sehemu kubwa itakuwa imeshalainika.